Generosa Rutashobya na Kiti cha Kushoto

Familia ya Rutashobya ya Hayes, London, pamoja na ukoo wote wa Kamachumu na kamati ya msiba, inautangazia umma kwa moyo mzito kwamba Ma Generosa Kokushubila Rutashobya amesafiri. Safari hii hakuchukua gari. Gari lipo mbele ya nyumba, limekaguliwa mara mbili, na majirani wanaombwa waendelee kulivumilia.

Generosa alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Kamachumu, Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne wa mzee Clementi na Ma Yustina. Kwa maelezo ya dada yake Adelaida, alizaliwa asubuhi, na kufikia mchana alikwishapanga nani ambebe na nani asimguse. Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari Bukoba mwaka 1976, na mwaka 1980 akahitimu uuguzi Ndolage. Ripoti zake zote za shule zilikuwa safi, isipokuwa moja iliyosema tabia yake ni nzuri lakini anajibu.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Projestus Rutashobya, mwanamume mtaratibu, mvaa kofia, ambaye kwa karibu miaka arobaini hakumaliza sentensi bila mkewe kumsaidia. Walihamia London mwaka 1991. Ta Projestus, au Mzee Projestus kwa wasio Wahaya, alipata kazi kwenye ghala la mizigo Heathrow. Generosa alihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa Hayes kwa miaka ishirini na minane, na aliwafumba macho marehemu wengi kuliko padre yeyote wa parokia hii.

Mwaka 2018 Ta Projestus alinunua gari-nyumba: kuukuu, lenye vitanda viwili, jiko la gesi, na choo ambacho mbele ya padre hakitajadiliwa. Pale ghalani palikuwa na kalenda yenye picha ya barabara ya kaskazini kabisa ya Sweden, changarawe tupu kilomita mia moja na tisini, hakuna nyumba wala mtu. Aliileta ile picha mezani.

"Iangalie, Ma Gene. Ni barabara yetu ya Kamachumu, ila wameitia kwenye friji."

Generosa alimjibu kwamba changarawe yeye aliiacha kwa makusudi. Kila kiangazi aliombwa waende. Kila kiangazi alikuwa na zamu.

Januari 2021 Uviko iliwalaza wote wawili, ikamwachia mmoja. Ta Projestus alifariki tarehe 19. Mwili wake, ukisafirishwa kwenda Kamachumu, ulipitia ghala lilelile alilolitumikia, na wenzake waliompakia walivua kofia zao za kazi. Generosa alikuwa bado anapumua kwa oksijeni, kwa hiyo hakwenda. Mazishi ya tarehe 6 Februari aliyatazama kitandani, kwenye laptop. Aliona migomba, akaona watu, akaona jeneza likishushwa. Lilipofika nusu ya shimo, mtandao ukaganda.

Ulipofunguka, watu walikuwa wanakula.

Kwa ukoo mzima, Ta Projestus alikuwa amezikwa. Kwa Generosa alikuwa bado ananing'inia kwenye zile kamba, hakushuka, hakupanda, na yeye mkewe hakuwa ametupa udongo wake. Wiki tatu aliiacha laptop wazi. Mwanawe Ishengoma alipotaka kuifunga, alimshika mkono.

"Usimfungie baba yako."

Ishengoma alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni chaji tu imekwisha.

Baada ya hapo, kila siku ya kazi, saa ambayo Ta Projestus alizoea kuondoka kwenda zamu, mlango wa lile gari ulisikika ukifungwa. Gari lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa chini ya mto wa Generosa. Majirani walisema ni upepo.

"Upepo gani huo," aliuliza, "unaopumzika Jumapili?"

Tarehe 6 Agosti 2023 alilitia gari mafuta, akamchukua rafiki yake Nyambura wa Nyeri, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, wakaelekea kaskazini. Walianza kubishana kabla ya kuwasha injini.

"Mama Ishe, mimi nakaa wapi?"

"Nyuma."

"Na hapa mbele?"

"Pana mtu."

"Hapa pana jaketi."

Lilikuwa jaketi la njano la kazini la Ta Projestus, limevikwa kwenye kiti. Generosa alisema ndiyo, jaketi, na mwenyewe. Nyambura alikwenda kufunga mkanda nyuma, akinung'unika kwamba kwao Nyeri marehemu hawapewi kiti cha dirishani. Alisafiri hivyo hadi Sweden, kama sanduku la mboga.

Barabara ilikuwa kama ilivyokuwa kwenye kalenda, ila kalenda haikuonyesha ukimya. Misonobari ilikuwa mifupi kana kwamba ilikatazwa kukua. Maziwa meusi yalifuatana. Paa wakubwa wenye pembe kama matawi makavu walisimama katikati ya njia, wakakitazama kiti cha kushoto, kisha wakampisha yeyote waliyemwona pale.

Msomaji akumbuke kwamba gari la Uingereza lina usukani kulia, na kule madereva hukaa kushoto. Kila aliyepishana nao alitafuta dereva mahali palipokuwa na jaketi.

Siku ya pili kwenye barabara ile, mchana, lori la magogo walilopishana nalo darajani liligeuza likawafuata. Dereva wake, mzee wa makamo yao, alishuka.

"Dereva wenu yuko wapi?" aliuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza.

"Ni mimi," alisema Generosa.

"Hapana. Yule mwenye kofia. Aliniinulia mkono pale darajani. Nataka kumwambia gurudumu la nyuma linaisha upepo."

"Ni jaketi hilo," Nyambura alidakia.

"Jaketi halivai kofia," alisema yule mzee. Aliwajazia upepo, akapanda lori lake, na hakugeuka tena.

Kofia ya Ta Projestus ilizikwa naye Kamachumu. Generosa alikaa na neno hilo kwa kilomita kumi hivi, kisha akasimamisha gari kando ya barabara na kuomba koleo. Alichimba shimo la shubiri mbili kwenye changarawe, akalikunja jaketi, akalishika mikono miwili na kuanza kulishusha. Katikati ya shimo mikono ikakataa. Alipiga magoti pale muda mrefu, jaketi likining'inia, hashushi, hapandishi.

Nyambura alipiga magoti upande wa pili. "Shusha, Mama Ishe," alisema. "Huku hakuna mtandao wa kuganda. Shusha."

Alishusha. Alitupa changarawe yake mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akalia kwa sauti ambayo Nyambura anasema aliwahi kuisikia kwa watu wengine tu, zamuni. Wimbo uliimbwa kwa Kikikuyu kwa sababu ndio uliokuwepo, na Ta Projestus hakuwa mtu wa kumkatiza mgeni.

Walipoondoka, Nyambura aliuliza kama sasa anaruhusiwa kukaa mbele. Generosa alisema ajaribu. Nyambura alikaa, akainuka.

"Kina joto."

"Ni hita."

Hita ya upande ule haikuwahi kufanya kazi tangu gari liliponunuliwa, na wote wawili walijua. Nyambura alirudi nyuma bila kuombwa.

Mei 2024 Generosa aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa subira na kwa masahihisho, akiwaelekeza wauguzi namna ya kutandika kitanda huku akiwa juu yake. Ukoo ulitaka arudishwe Kamachumu. Yeye alitaka azikwe hapa. Adelaida alimlilia kwenye simu: "Utamwachaje mumeo huku peke yake?"

"Huko hayupo," alisema, akakata simu.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mchana, mwanawe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mwana, Ishengoma, mkwe, Seema, wa Queensbury, wajukuu wawili, dada yake Adelaida, na Nyambura, aliyerithi gari na ambaye tayari abiria wake wote huwapakia nyuma. Bwana ampe kitanda kipana kuliko kile cha gari, na usingizi ambao hakuna mtu wa kuuvunja kwa zamu.

Siku mbili kabla hajafariki, Nyambura alimsogelea sikioni akamwuliza swali ambalo ukoo mzima uliliogopa.

"Mama Ishe, niambie ukweli. Kule kwenye changarawe, Ta Projestus alikuja na sisi?"

Generosa alifumbua macho.

"Alikuja," alisema. "Hakuosha hata kikombe."