Sufuria Isiyotiwa Chumvi

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani wa dobi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, poleni na asanteni. Familia imemtuma mdogo wake marehemu, ndugu yake wa kupokezana ziwa, ndiye huyu mnayemwona amesimama mbele yenu na miwani isiyomkaa vizuri, awasomee safari ya dada yake hapa duniani, naye atajitahidi kuifikisha mwisho bila kukwama, akikwama mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba akiwa fundi viatu na mama akiuza mboga sokoni, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na kwa kuwa mama alitoka kabla jua halijachomoza, marehemu alikabidhiwa mwiko akiwa bado anapanda juu ya kopo la rangi ili aone kilichomo ndani ya sufuria. Jina la Kifuniko, ambalo wengi wenu mlilijua kuliko jina lake la ubatizo, alilipata hapo, maana wadogo zake walikuwa na tabia ya kufunua sufuria kila walipopita, naye alishikilia kwamba wali unaochunguliwachunguliwa hauivi, akawa anakaa kwenye kibao kando ya jiko, mkono mmoja umeshika kifuniko kwa tambara na mwingine umeshika mwiko tayari kwa kazi. Anayesoma historia hii alipigwa vidole kwa mwiko huo, na hana kinyongo, ingawa anakumbuka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kuimaliza mwaka 1968, akaenda sekondari, lakini baba alipoanza kuumwa macho akashindwa kuona tundu la sindano, marehemu aliacha masomo mwishoni mwa mwaka 1970 ili wadogo zake wasome, jambo ambalo hakulilalamikia hata siku moja, ila kila mwanawe alipoleta ripoti ya shule aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, kisha akapika nyama, hata kama alama zenyewe zilistahili mboga za majani. Alipata kipaimara Jumapili ya Matawi, tarehe 4 Aprili 1971, na tangu siku hiyo imani yake ilikuwa ya kazini na jikoni zaidi kuliko ya maneno mengi.

Aliajiriwa mwaka 1972 katika dobi iliyokuwa ikifua na kunyosha mashuka ya hospitali na sare za wafanyakazi, akasimama kwenye pasi ya mvuke hadi alipostaafu mwaka 2009, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba alikuwa akiomba huku ananyosha, shuka moja akimwombea mgonjwa atakayelilalia, na shuka lenye doa lisilotoka akiliombea zaidi. Alikuwa akisema kwamba Mungu anamwelewa mtu ambaye mikono yake ina kazi, na kwamba sala ya chakula ikizidi urefu inawakosea watu wawili, aliyekitoa na aliyekipika, kwa hiyo mezani kwake sala ilikuwa moja tu, asante Baba, tule, na mgeni aliyeanza kumtajia Mungu mataifa yote alishtukia sahani yake imeshajaa.

Ni pale dobi alipokutana na marehemu mume wake, fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba la mvuke, akaliziba asubuhi, na hadi jioni akawa bado analikagua. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1977, wa pili mwaka 1980 na wa tatu mwaka 1984, wote wapo hapa, na marehemu akahamia nyumbani kwa wakwe zake, nyumba ndefu yenye jiko moja mwisho wa ukumbi, ambamo aliishi mama mkwe wake na wifi yake, fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake dirishani kwenye chumba cha mbele.

Sasa hapa, ndugu zangu, familia ilikaa ikajiuliza kama jambo linalofuata lisomwe au liachwe, tukakubaliana lisomwe, kwa sababu bila hilo mtakuwa mmemzika mtu mwingine, na kwa sababu wifi mwenyewe amesema lisomwe. Wale wawili walipendana kuliko ndugu wa tumbo moja, mmoja akikata vitunguu mwingine alikuwa ameshabandika sufuria, walishonewa aproni za kitambaa kimoja na cherehani moja, na vicheko vyao vilisikika hadi barabarani, mpaka mume alikuwa akiuliza kama ndoa ile ilikuwa yake au ya dada yake.

Jumapili tarehe 17 Agosti 1980 alibatizwa mtoto wa pili, na baada ya ibada nusu ya kanisa ilikuja nyumbani, ikabandikwa sufuria kubwa kuliko zote, ya nyama, na katika pilikapilika za wageni, viti vya kuazima na mtoto anayelia, nyama ile ilitiwa chumvi, halafu ikatiwa chumvi tena. Mzee mmoja wa kanisa, aliyesifika kwa sala ndefu, aliomba mpaka chakula kikapoa, akatia tonge la kwanza mdomoni, akaomba maji, akaongezewa maji, na siku hiyo shukrani ya baada ya chakula ilikuwa fupi kuliko zote alizopata kuzitoa. Watu wazima wanaweza kulicheka jambo hilo, na kama lingeachwa jioni ile ile lingekuwa kichekesho cha familia hadi leo, lakini wageni walipoondoka kila mmoja alishikilia kwamba yeye alitia mara moja tu, wifi akasema mtu asiyeruhusu wengine waguse kifuniko ajibu mwenyewe kwa kilicho chini yake, na marehemu, akiwa amechoka na ameaibika, akamjibu kwamba mtu asiye na nyumba yake kazi yake ni kuharibu sufuria za wenzake. Wifi hakuwa ameolewa, na hakuolewa, na kila aliyekuwa jikoni alijua neno lile limepiga wapi, marehemu akiwa wa kwanza kujua.

Kesho yake pakawa na majiko mawili katika jiko moja, na katikati kipande cha turubai kimening'inia kwenye kamba, na mawasiliano yakawa ya kupitia watu, mwambie anayehusika maji yake yanamwagika, mwambie anayehusika mwiko wangu uko upande wake. Shemeji yetu, mume wa marehemu, aliyekuwa katikati ya mke na dada, aliamua kula chakula cha jioni mara mbili, sahani ya upande huu na sahani ya upande ule, bila kubakiza, akanenepa kwa ajili ya amani ya nyumba. Alipozaliwa mtoto wa tatu, asubuhi ya ubatizo lilikutwa gauni jeupe lililoshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake, limetundikwa kwenye kitasa cha mlango, na marehemu alimvalisha mtoto gauni lile, akalifunga vifungo vyote, na asante haikumtoka.

Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa kanisani. Marehemu aliamini kabisa kwamba mtu hasogei kwenye meza ya Bwana huku ana ugomvi na mwenzake nyumbani, kwa hiyo tangu Jumapili ile hakusogea, alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, na watu walipopanga mstari kwenda mbele yeye alibaki ameinamisha kichwa. Wifi yake naye aliamini hivyo hivyo, naye alikaa benchi hilo hilo, upande wa pili, na kila Jumapili ya ushirika, kwa miaka iliyokaribia tisa, benchi lote liliondoka wakabaki wao wawili, mmoja kila mwisho, na katikati patupu. Wachungaji waliwaita, wazee waliwakalisha kikao, mchungaji mgeni ambaye hakujua lolote alihubiri siku moja juu ya chumvi na kanisa zima likaanza kukohoa, na bado hakuna aliyetangulia kunyanyuka. Alimwambia mdogo wake, anayesoma hapa, kwamba alikuwa akipika kila siku kwa ajili ya watu, na bado alikuwa na njaa, na kwamba alichokuwa akikiogopa ni kufa kabla hajala tena kwenye meza ile.

Jumapili tarehe 5 Machi 1989 mvua ilikuwa inanyesha, watu wakaenda mbele, benchi likabaki na watu wake wawili, na wifi alikuwa akikohoa kikohozi kibaya ambacho marehemu alikuwa amekisikia wiki nzima nyuma ya turubai, hapakuwa na mtu wa kumpiga hata mgongo. Marehemu alisema baadaye kwamba alichoka kumkasirikia mtu ambaye hata kikohozi chake anakijua. Alirudi nyumbani, akabandika maharage, akayaunga kwa kitunguu na nyanya, akayafunika, na yalipoiva akaiinua sufuria kwa matambara, akalipita turubai, akaitua mbele ya wifi yake, akatoa kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, hii sijatia chumvi, tia wewe.

Wifi akachota chumvi, akatia, akakoroga, akaonja, akasema imekubali, na ndipo marehemu akaomba msamaha, si wa ile nyama, bali wa lile neno la nyumba, akilia waziwazi, na wifi akamwambia akae, maharage yanapoa. Walikula kwenye sahani moja. Jumapili ya ushirika iliyofuata walinyanyuka pamoja kutoka benchi la nyuma, wakatembea hadi mbele wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, na mchungaji ilibidi asimame kidogo afute macho kabla ya kuendelea.

Turubai lilifuliwa likawa la kufunikia kuni, na tangu hapo ikawekwa kanuni katika jiko lile, ambayo haikuvunjwa hata siku moja, kwamba mmoja akipika mwenzake ndiye anayetia chumvi, na kama mwenzake hayupo chakula kinasubiri. Watoto walirudi kutoka shule wakakuta chakula kimeiva na hakiliwi kwa sababu shangazi yuko sokoni, wakanuna, wakazoea. Aliyetia chumvi ya pili siku ile ya ubatizo hajulikani hadi leo, wako wanaomshuku marehemu mama mkwe, lakini yeye hakuulizwa kwa sababu alikuwa mama mkwe.

Mume wake alitangulia mbele za haki tarehe 22 Juni 2015. Mwaka 2019 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika kuwa na maradhi ya moyo, na daktari akampiga marufuku chumvi, habari aliyoipokea kwa kucheka mpaka daktari akashangaa. Hakucheka muda mrefu, chakula kisicho na ladha kilimkatisha tamaa, akaanza kukisukuma pembeni, ndipo wifi yake, ambaye mwili wake hauna tatizo lolote, alipohamia rasmi kwenye chakula cha mgonjwa, akala naye maharage yasiyo na chumvi, mayai yasiyo na chumvi, mchana na jioni, na kila mara kabla ya kula alilishika kopo la chumvi, akalitikisa likiwa limefungwa, akasema nimeshatia, na marehemu akajibu, imekubali.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu, akalazwa, akapokea meza ya Bwana kitandani, wifi yake akipokea pamoja naye, na Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, alasiri, akalala usingizi ambao hakuamka. Siku moja kabla alimwita mdogo wake akampa agizo, akisema watu watakuwa wengi, wametoka mbali, wasije wakalishwa chakula cha mgonjwa kwa ajili yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, waliovumilia kukutana na mabakuli yetu kila kona, tunawashukuru majirani walioleta viti, maji na kuni kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa zamani walioyafua na kuyanyosha mashuka aliyolalia hapa mbele yetu, bila kovu hata moja la pasi, mchungaji na kanisa lote, na mama wa jirani aliyekaa na wajukuu. Kama kuna ambaye hatukumtaja, tunamwomba asihesabu, vichwa vyetu leo haviko sawa.

Limebaki jambo moja. Huko nyuma jikoni kuna sufuria kubwa ya nyama, imepikwa tangu asubuhi na wifi yake marehemu, imeiva, imefunikwa, na haijatiwa chumvi. Wapishi wenzake wamemsihi, watoto wamemsihi, jibu lake ni kwamba yeye amepika, kutia si zamu yake, na mwenye zamu hayupo. Shemeji, wewe wifi yake dada, uliyesimama pale mlangoni na aproni yako, kopo la chumvi hili hapa, kando ya picha yake, na agizo alilonipa dada yangu ni nikupe mbele ya watu wote, nikuambie kwamba zamu zote mbili sasa ni zako, kwamba jiko lile ni lako na nyumba ile ni nyumba yako, alitaka neno hilo la mwisho lisikiwe na wengi kuliko waliolisikia lile la kwanza. Njoo ulichukue, ukatie, na hakuna atakayekuuliza umetia mara ngapi.

Na wewe, dada, mwiko uweke chini, pumzika sasa kwa amani, jiko lina mtu.