Barua ya Kumi na Mbili

Ukishuka kutoka stendi ya Migori na kuliacha soko upande wa kushoto, utakuta benchi ndefu iliyotolewa kanisani baada ya kuvunjika mguu, sasa imeegemezwa jiwe. Hapo Mama Monari huuza kahawa ya birika kuanzia saa nne asubuhi, na hapo wanaume wasio na haraka hutatua mambo ambayo dunia haijawaomba wayatatue. Mwenyekiti wao ni Mzee Elijah, aliyekuwa karani wa chifu kwa miaka thelathini na asiyesahau neno lililosemwa barazani, wanamwita Hansadi. Wa pili ni Barnabas, fundi wa bodaboda, jina lake la kazi Spana, ambaye hutengenezea pikipiki kando ya benchi ili hoja zisimpite. Wa tatu ni Omanga. Huyu ni mwandishi wa kujitegemea, huwaandikia watu wa Amerika chochote wanachotaka kuandikiwa, na kwa vile kule mtandaoni amejitambulisha kuwa mkazi wa Ohio, kijiweni nako wanamwita Ohio. Siku hizi za mwisho wa Januari Ohio alikuwa amekonda, na wote walijua kwa nini. Kulikuwa na bibi mmoja wa huko Amerika ambaye hajasema neno tangu Krismasi.

— Leo ameandika? Spana aliuliza, mikono yote miwili imeingia kwenye injini.

— Bado, Omanga akasema.

— Na jana?

— Spana, kama leo bado, jana ingekuwaje?

— Mimi nauliza tu, omera, ndugu yangu. Pengine aliandika ukiwa umelala.

Omanga alikuwa hata halali sawasawa. Tangu arudi kutoka Asumbi kwa wakwe zake, siku zake zilikuwa zimepata mwendo mmoja. Alfajiri anafungua laptopu kabla mkewe Risper hajawasha jiko, anatazama ukurasa wa bibi, hakuna kitu. Kisha anaandika kazi za msimu, maana Januari Wamarekani wote wanatoka likizo wamenenepa na wanataka kuelezwa jinsi ya kupungua. Ameshaandika makala kumi na nne za kupunguza mwili, yeye ambaye mshipi wake unahitaji tundu jipya. Akimaliza aya mbili anarudi kwa bibi. Hakuna kitu. Saa nne anafunga, anakuja kwenye benchi.

Kwa mashirika yanayouza majembe ya theluji alikuwa akiandika kwa kichwa tu. Kwa bibi alikuwa akiandika kwa moyo. Tangu Juni bibi alimpa kazi moja: barua kwa mwanawe wa kiume, ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka tisa. Bibi huleta vipande tu. Leo mwambie mbwa amezeeka. Leo mkumbushe ule mti aliouparamia akaanguka. Omanga huvichukua vile vipande, akavishona, ikawa barua ya mama. Mtandao ule huficha majina ya watu, kwa hiyo baada ya neno "Mpendwa" aliacha nafasi, bibi akaijaza mwenyewe. Barua kumi na moja. Miezi saba Omanga alikuwa mama wa kijana asiyemjua, na alimpenda, asidanganye mtu.

— Hiyo ni theluji, Hansadi akatangaza, akiweka kikombe chini kama anayefungua kikao. Kule ikianguka, serikali inafunga nchi. Posta hakuna, benki hakuna, hata harusi zinangoja mpaka Machi. Nilisikia kwa redio, mwaka wa tisini na sita.

— Mzee, hatumii posta. Anatumia simu.

— Na simu haishiki baridi? Wewe umeandika juu ya theluji mara ngapi?

— Mara nyingi.

— Ushaiona?

— Kwa friji ya mama mkwe.

Wakacheka. Spana akatoa mkono kwenye injini, akaupangusa kwa suruali.

— Mzee, hiyo ya theluji ni ya kitambo. Siku hizi kuna ile mashine inaandika yenyewe. Unaiambia lia, inalia. Unaiambia omba msamaha, inaomba. Huyo bibi alipewa na mjukuu Krismasi, akamwacha Ohio kwa mataa.

— Mashine itamlilia mtoto aje? Mama Monari akauliza kutoka kwa jiko lake. Ina tumbo? Ishawahi kubeba mimba?

— Na Ohio alibeba?

— Ohio ana mama. Hiyo inatosha.

Akamwongezea Omanga kahawa bila kuulizwa.

— Mimi nitawaambia, na msinikatize. Huyo kijana amerudi. Krismasi ilifika, akabisha mlango, mama akafungua. Sasa mtu akiwa mezani anakula, barua ni ya nini?

Hii nadharia ya Mama Monari ndiyo Omanga aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa ameisikia mara sita sasa na kila mara aliongeza kitu kimoyomoyo: koti la kijana mlangoni, mbwa mzee akiinuka kwa shida. Leo hakuongeza chochote. Alikunywa tu.

— Sawa, amerudi, Spana akakubali, naye sasa amenogewa. Akamchukua mamake akampeleka kwa bahari ile ya huko yenye joto. Simu ikaanguka kwa maji.

— Ikamezwa na samaki, Hansadi akasema. Samaki wa huko ni wakubwa kushinda mbuta wetu wa ziwani. Niliona kwa kalenda.

— Ama ngojeni, ngojeni! Spana akasimama wima. Nani amewahi kumwona huyo bibi? Ohio tunasema ako Ohio, na huyu hapa ako na sisi. Na yeye anasema ako Minesota. Labda ako hapa kisiwani Mfangano anaanika omena!

Benchi ikatikisika kwa vicheko.

— Na kijana wake ako hapo Homa Bay anauza laini za simu!

— Tutume mtu na pikipiki awapatanishe! Ni mwendo wa saa mbili tu!

Omanga naye alicheka. Alicheka sana, akainamisha kichwa, na walipokuja kuangalia vizuri hakuwa anacheka tena.

— Ohio, Mama Monari akasema. Ni nini?

— Aliniandikia.

— Si umesema bado?

— Sio leo. Tarehe ishirini na mbili Desemba. Sikuwaambia.

Spana akakaa.

— Nilikuwa Asumbi. Tulikuwa tumechinja, mashemeji wote wako, jua linawaka. Simu ikalia. Akasema anaomba barua moja tu kabla ya Krismasi. Ya kumi na mbili. Akasema hata ikiwa fupi, kwa sababu tarehe ishirini na sita anaingia hospitali kulazwa.

— Ukamwandikia?

— Nilikuwa na nyama mkononi, mzee.

Hakuna aliyemhimiza. Akaendelea mwenyewe, polepole, kama mtu anayesoma.

— Wenzetu wa hii kazi wako na maneno ya kujibu klienti, unabonyeza tu yanaenda. Nikabonyeza. "Asante kwa ujumbe wako. Nimefunga kwa likizo ya majira ya baridi. Nitarudi tarehe sita Januari." Majira ya baridi! Nimevua shati, natokwa na jasho, nakula mbuzi, na ninamwambia mama mgonjwa ati niko kwa baridi.

— Na yeye akasema?

— Akasema, "Sawa. Pumzika vizuri, umenifanyia kazi nyingi."

Mama Monari akafunika mdomo kwa ncha ya leso.

— Nilirudi siku nne mapema. Tarehe mbili nikaandika hiyo barua, bila kuambiwa chochote. Ndiyo nzuri kuliko zote nimewahi kuandika. Iko pale. Hajaifungua.

Hansadi alikohoa. Alikuwa mzee mwenye majibu mengi, na huruma ilimfanya atafute moja.

— Hospitali za huko huchukua simu ya mgonjwa. Ni sheria. Miezi mitatu, ndio damu itulie.

— Ndio, Spana akasema haraka. Hata mimi nimesikia hiyo.

Hakuwa ameisikia popote, na Omanga alijua.

Upande wa pili wa ile pikipiki kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akingoja mwenye bodaboda wake atengenezewe, amekaa juu ya kreti ya soda, kitambaa cheupe kichwani, daftari mapajani. Alikuwa amesikia yote. Akainuka, akaja.

— Mimi naitwa Emmaculate, wa parokia. Hii wiki naandika majina ya kuombewa kwa misa ya Jumapili. Wuoda, mwanangu, huyo mama anaitwa nani?

Omanga akafungua mdomo. Alijua bibi yule aliolewa akiwa na viatu vya kuazima. Alijua alichomwambia mwanawe siku ile ya mwisho, neno kwa neno, na jinsi alivyolijutia.

— Sijui, mama. Wanaficha majina. Na hata langu hajui.

— Sawa. Mungu anamjua. Nitaandika Mama wa Minesota.

— Lakini mimi ni Msabato, mama. Sisi hatuombei waliokufa.

— Kwani amekufa?

Omanga akamtazama Spana. Spana akamtazama Hansadi. Mzee aliyekumbuka kila kitu alikuwa akichunguza viatu vyake.

— Nauliza kwa sababu daftari iko na kurasa mbili, Emmaculate akasema kwa upole. Hapa ni wagonjwa. Hapa ni marehemu. Nimwandike wapi?

Mwenye bodaboda akapiga teke pikipiki, ikawaka, akaizima tena alipoona nyuso zao. Omanga akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Akaishika juu ya ukurasa wa wagonjwa. Akaipeleka juu ya ukurasa wa marehemu. Akairudisha. Kisha akamrudishia mwenyewe kalamu yake, machozi yakimtiririka mbele ya watu wazima bila kuyafuta.

— Andika wewe, mama. Popote.

Emmaculate akafunga daftari taratibu.

— Hapana, wuoda. Mimi siwezi kuandika kitu sijui.