Mguno Chini ya Ubeti wa Pili

MDOGO: Haloo? Nani mwenzangu?

CHIRIKU: Nani mwenzako! Wewe mtoto, sauti yangu huijui? Nchi nzima inaijua!

MDOGO: Namba hii sijaihifadhi. Nani?

CHIRIKU: Dadako. Chiriku.

MDOGO: Ahaa, dada! Shikamoo. Unisamehe. Sauti yako niliyoizoea ni ile ya redioni tangu wiki iliyopita. Ile imefuliwa ikapigwa pasi. Hii ina mikunjo.

CHIRIKU: Marahaba. Cheka tu. Koo limenikauka, wana kiyoyozi huku kama wanahifadhi nyama.

MDOGO: Huku wapi?

CHIRIKU: Kituo cha redio, mdogo wangu! Nimewekwa chumba cha kusubiri, kochi la ngozi, wageni wengine wanne wamekaa, na ukutani wamebandika picha yangu kubwa, ile ya gauni la shanga. Saa kumi kamili naingia hewani kuzungumzia nyimbo zilizosafishwa. Bado robo saa.

MDOGO: Gauni la shanga. Nililishona mimi.

CHIRIKU: Eh, lile lile. Na wewe uko wapi? Kazini?

MDOGO: Nipo kwenye cherehani. Sare za shule, kola arobaini, na shule inafunguliwa Jumatatu.

CHIRIKU: Mbona cherehani siisikii?

MDOGO: Simu hii, dada. Kaninunulia mwanangu. Hata nyundo ya fundi viatu hapo mlangoni haipiti. Inachukua sauti iliyo mbele, za nyuma zote inazimeza.

CHIRIKU: Dunia imekwenda mbali. Sasa hebu niambie, umezisikia? Zote kumi na mbili?

MDOGO: Nimezisikia.

CHIRIKU: Halafu?

MDOGO: Halafu nini, dada? Ni safi. Miaka arobaini ile mikwaruzo kama mtu anakaanga vitunguu, leo hakuna. Nimemsikia mpiga besi anavyotelezesha vidole juu ya nyuzi. Nimesikia zile brashi za ngoma, unajua alikuwa anazizungusha taratibu sana? Zamani nilidhani ni mvua.

CHIRIKU: Si ndiyo! Mimi mwenyewe nililia! Na mimi? Mimi nasikikaje?

MDOGO: Wewe unasikika mpaka mate. Kila ukivuta pumzi nasikia. Ule wimbo wa taratibu, wa pili, unaingia kwa kuchelewa kidogo halafu unaufukuza mdundo mpaka unaufikia. Hakuna aliyekuwa akiimba hivyo. Hilo sikuibii.

CHIRIKU: Mungu akubariki. Nilijua wewe una masikio—

MDOGO: Ila nota ya mwisho.

CHIRIKU: Imefanyaje?

MDOGO: Fupi.

CHIRIKU: Fundi wa sauti kaikata! Nilishamgombeza!

MDOGO: Hajaikata. Ndivyo ulivyoishia. Pumzi ilikuwa imekwisha, ulikuwa umetoka kuvuta sigara mbili na mpiga besi pale ngazini. Aliyeivuta mpaka mwisho ni mimi.

CHIRIKU: Haloo? Unakatika-katika.

MDOGO: Sikatiki, dada. Nakusikia vizuri.

CHIRIKU: Tuyaache hayo. Sikukupigia kwa sababu ya nota. Nimekupigia... ngoja nisogee dirishani, hapa wana masikio. (mkwaruzo wa mtandao) Haya. Vidole hayupo.

MDOGO: Shemeji Vidole? Shemeji alikufa, dada. Mwaka wa kumi na nane huu.

CHIRIKU: Usinifanye mjinga! Hayupo kwenye wimbo! Kinanda kipo, yeye hayupo. Si unakumbuka alivyokuwa akipiga anaguna? Ubeti wa pili wote, mimi naimba juu, yeye chini ananiguna puani kama mtu anabembeleza mtoto.

MDOGO: Nakumbuka. Nilisimama ubavuni kwake.

CHIRIKU: Sina kitu kingine chake chenye sauti. Picha ninazo, koti ninalo, sauti sina. Ni mguno ule tu. Tangu tumemzika naiweka sindano ya santuri palepale, palepale, mpaka mfereji umelika. Sasa inaruka. Inafika pale, tak, imeshaingia kiitikio. Miaka miwili sijamsikia.

MDOGO: Pole.

CHIRIKU: Ndiyo maana nilipoambiwa zinasafishwa nilikubali hata bila kusoma karatasi! Nikasema, namrudisha mume wangu. Nimefungua, nimeweka ubeti wa pili... hakuna kitu! Kinanda kinajipiga chenyewe! Na yule mwehu wa sauti hapokei simu zangu. Wewe ulikwenda kwake, alikuita ukamtambulie mikanda. Mwambie amrudishe!

MDOGO: Hawezi.

CHIRIKU: Kwa nini hawezi? Si ni kompyuta?

MDOGO: Dada, unakumbuka siku alipokupigia kukuuliza habari za jalada la nyimbo?

CHIRIKU: Alinipigia mara kumi.

MDOGO: Ile Jumanne asubuhi. Mimi nilikuwa kwake, nimekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, nakunywa chai. Simu akaiweka spika.

CHIRIKU: ...Sasa?

MDOGO: Akakuuliza, "Mama, kuna mwanamke anaitikia nyuma, ana sauti nzuri kweli. Ni nani tumwandike kwenye jalada?"

CHIRIKU: Sikumbuki.

MDOGO: Ukasema, "Yule? Kasichana ka kutuletea maji ya kunywa. Kananichafulia wimbo. Katoe."

CHIRIKU: Sikujua kama upo hapo.

MDOGO: Najua hukujua. Ndiyo maana nilikuamini.

CHIRIKU: Mdogo wangu, ni maneno ya... mtu husema tu. Unajua watu wa jalada, ukiwapa jina moja wanataka historia nzima—

MDOGO: Fundi akafanya ulivyotaka. Akaiambia mashine yake: acha Chiriku, acha vyombo, watu wengine wote toa. Sasa mashine haijui shemeji wala shangazi. Humo ndani wenye sauti walikuwa watatu tu, wewe, mimi na yeye. Ikatoa wawili.

CHIRIKU: Toba.

MDOGO: Wewe ndiye uliyemtoa, dada. Kwa mdomo wako.

CHIRIKU: Lakini si... angeniuliza! Mtu anaguna waziwazi, yeye fundi mzima hana akili ya kuuliza?

MDOGO: Aliuliza.

CHIRIKU: Hajaniuliza mimi!

MDOGO: Aliniuliza mimi. "Mama, na huyu mzee anayeguna ataondoka pia, tumpigie tena dada yako?" Nikamwambia usimsumbue. Dada anataka usafi.

CHIRIKU: Ulijua?

MDOGO: Nilijua.

CHIRIKU: Ulijua nilivyokuwa nikiisikiliza ile santuri, umelala kwangu wiki mbili baada ya msiba, umeniona nimekaa chini na sikio kwenye spika! Una roho ya namna gani wewe?

MDOGO: Ya kuleta maji.

CHIRIKU: Shetani mkubwa! (kwa mtu mwingine) Hapana, si wewe, baba, samahani. Dakika ngapi? Sita? Sawa. (kwenye simu) Sikiliza. Sikiliza vizuri. Mkanda wenyewe uko wapi? Fundi lazima ana nakala ambayo haijaguswa.

MDOGO: Alifuta. Kompyuta yake ndogo, kazi ikipokelewa anafuta.

CHIRIKU: Mkanda! Mkanda wa siku ile, nauliza!

MDOGO: Ninao mimi.

CHIRIKU: ...Unao?

MDOGO: Ulisema hutaki takataka nyumbani kwako, akanipa. Ninao hapa, na mashine yake ya zamani ya kuuchezea kaniazima. Umezeeka, dada. Unachunika. Ukiugusa unaacha unga wa kahawia, umeshanichafulia kola mbili.

CHIRIKU: Na yeye yumo?

MDOGO: Yumo. Mimi nimo, yeye yumo. Sote watatu tumo.

CHIRIKU: Niletee. Mdogo wangu, nakuomba, nakupigia magoti hapa hapa dirishani.

MDOGO: Unataka kumsikia sasa hivi?

CHIRIKU: Ndiyo! Jamani, ndiyo!

MDOGO: Una hakika? Sasa hivi, kwenye simu? Usije ukasema nilikulazimisha.

CHIRIKU: Weka, acha maneno! Nina dakika tano!

MDOGO: Haya. Bandika sikio.

(kishindo kidogo, mkwaruzo, muziki)

CHIRIKU: Eh. Huyo ni mimi. Naingia.

MDOGO: Ubeti wa pili huo unakuja.

CHIRIKU: Nyamaza. (kimya) Mimi. (kimya) Mimi huyo bado. Yuko wapi?

MDOGO: Ameshaanza. Yuko chini kabisa, anaguna. Lo! Hapo ulipovuta pumzi, amecheka kidogo. Kicheko cha puani.

CHIRIKU: Simsikii! Sogeza simu!

MDOGO: Imegusa spika, dada, nisogeze wapi tena?

CHIRIKU: Ongeza sauti!

MDOGO: Nimeongeza. Unasikia nini?

CHIRIKU: Mimi! Nasikia mimi tu! Mimi, mimi, mimi! Toa hiyo simu yako, ni hiyo simu—

MDOGO: Inachukua iliyo mbele.

(muziki unakoma)

CHIRIKU: Umeuzima? Kwa nini umeuzima?

MDOGO: Wimbo umekwisha. Na nota ya mwisho imevutwa vizuri sana, kama nilivyokwambia.

CHIRIKU: (analia) Unataka nini kwangu? Sema unachotaka.

MDOGO: Kitu kidogo. Nani aliitikia?

CHIRIKU: Wewe.

MDOGO: Haloo? Mtandao huu!

CHIRIKU: Wewe, nimesema.

MDOGO: Nasikia upepo tu, dada. Sema kwa nguvu.

CHIRIKU: Kuna watu hapa! Mtangazaji mwenyewe kasimama mlangoni!

MDOGO: Mtandao mbovu kweli. Basi, tutaongea siku nyingine—

CHIRIKU: Aliyeitikia ni mdogo wangu!

MDOGO: Nani? "Mdogo" nani?

CHIRIKU: MDOGO WANGU! Tumbo moja! Ndiye aliyeitikia nyimbo zote kumi na mbili, na nota ya mwisho ni yake, mimi pumzi ilikwisha! Si kasichana ka maji! Niliona wivu, basi! Umefurahi? Haloo? Watu wote wananitazama. Haloo?

MDOGO: Sasa mtandao umekaa sawa.

CHIRIKU: Nitayasema na hewani. Sasa hivi naingia, nayasema yote, na wewe fungua redio usikilize. Halafu nikitoka hapa nakuja na teksi moja kwa moja, nauchukua mkanda kwa mikono yangu. Sawa? Sema sawa.

MDOGO: Dada, kuna neno alilonipa fundi pamoja na mkanda.

CHIRIKU: Neno gani?

MDOGO: Alisema umeoza. Yeye mwenyewe aliuweka kwenye joto siku nzima ndipo ukakubali kuzunguka. Akasema, "Mama, hapa umebaki mzunguko mmoja. Ukipita tena kwenye mashine, muziki wote unabaki kwenye meza, na wewe unabaki na utepe mtupu."

CHIRIKU: Basi usiuguse! Sikia, usiuguse kabisa, funika na kitambaa, natafuta mtu anayejua—

MDOGO: Ndio ule.

CHIRIKU: Ule upi?

MDOGO: Uliousikia sasa hivi.

CHIRIKU: Hapana.

MDOGO: Nilikuuliza kama una hakika.

CHIRIKU: Hapana, hapana. Mzunguko wa... lakini mimi sikumsikia! Nimejisikia mimi tu!

MDOGO: Ndiyo. Mimi nimemsikia. Sasa napangusa unga.

CHIRIKU: Na wewe ulikuwamo humo! Sauti yako nayo ilikuwamo, umeipoteza na wewe! Umefaidi nini?

MDOGO: Mimi nilishatolewa, dada.

CHIRIKU: (kwa mtu mwingine) Nakuja, nakuja, baba, dakika moja! (kwenye simu) Basi niimbie. Wewe umemsikia, bado umo masikioni mwako. Nigunie alivyokuwa akiguna. Kidogo tu, nishike. Wewe una masikio, hukosei hata nota moja, nimesema mbele ya watu!

MDOGO: Wanakuita, dada.

CHIRIKU: Mstari mmoja tu!

MDOGO: Nina kola arobaini.

CHIRIKU: Mdogo wangu! Kile kicheko, basi, nionyeshe kile kicheko tu—

MDOGO: Haya, kwaheri. Redio nimeshafungua, wanatangaza jina lako. Nenda kaongee. Unasikika vizuri sana.