Koki, Fundi Bomba Aliyepotewa na Njia ya Kurudi

Tunayemsindikiza leo ni fundi bomba wa ofisi ya maji, ambaye wote tulimwita Koki, hata wengi wetu tukasahau kuuliza jina alilopewa na mama yake.

Koki alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa na miaka sita, anakumbuka kwamba mtoto alilia siku tatu mfululizo, ya nne akanyamaza, na tangu hapo hakuwa mtu wa makelele.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa wa dirishani. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore ramani ya shule, naye akachora mabomba peke yake, hadi lile la uani lililokuwa likivuja.

"Madarasa yako wapi, wewe?" mwalimu akafoka.

"Hayo si yanaonekana, mwalimu."

Alichapwa, lakini ramani ile ilibandikwa ukutani.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na ofisi ya maji kama kibarua wa kuchimba mitaro, na baada ya miaka sita akawa fundi kamili. Mafundi wa pale wana desturi yao: hawasemi kushoto wala kulia, maana kushoto kwako ni kulia kwa mwenzako aliye shimoni akikutazama. Wao husema "yanakokwenda maji" na "yanakotoka maji", basi. Ramani za ofisi zilioza kwa maji ya paa lililovuja (paa la ofisi ya maji, jamani, lakini tusiende huko), kwa hiyo Koki akawa ndiye ramani. Alisimama juu ya chemba, vile vishimo vyenye mifuniko, akasema, "Hatua kumi na nne yanakokwenda maji. Chimba." Wakichimba, koki hii hapa.

"Mzee, umeumeza mji mzima?" vijana walimtania.

"Nimeumeza bila kutafuna. Ndiyo maana tumbo linauma."

Mkewe alikuwa mfua nguo wa hospitali. Walikutana siku Koki alipofunga maji bila taarifa, mashuka mia yakiwa na sabuni.

"Kijana, kabla ya kufunga bomba ungefungua mdomo kwanza ukabisha hodi!"

Koki alifungua maji, akakaa akasuuza mashuka naye mpaka jioni. Walioana Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 9 Juni 2016 ukingo wa mtaro ulibomoka, bomba la chuma likamwangukia kichwani. Alilala siku kumi na moja bila fahamu. Alipozinduka aliwajua wote, mkewe, watoto, hata spana kwa namba zake. Lakini alitoka kwenda msalani, hatua nane tu, na kurudi kitandani hakuweza.

"Macho yanaona, miguu inatembea," daktari alimweleza mkewe. "Kilichokatika ni kile kinachounganisha huku na huko."

"Kitaunga tena?"

"Labda kidogo, mama. Labda kisiunge."

Nyumbani, alikoishi miaka ishirini na minne, alifungua kabati akitafuta uani. Alisimama mbele ya nguo zake muda mrefu. Mkewe alipomshika mkono, Koki alisema, "Nakuomba kitu kimoja. Niende kazini, kule karakana, na nirudi nyumbani kwa miguu yangu. Nisiwe mtu wa kuletwa kama mbuzi."

Mama wa mazoezi pale hospitali alishauri njia afundishwe kwa maneno, kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu. Mkewe ndiye aliyewazia desturi ya mafundi, kwa kuwa bomba kuu lilipita mbele ya nyumba yao, likateremka kwa chemba sita hadi karakana. Kila asubuhi alitembea naye. "Fuata maji, baba watoto." Mfuniko wa saruji. Mfuniko uliopasuka. Wenye pete. Ilichukua miezi kumi na minne. Tarehe 3 Novemba 2017 Koki alifika karakana peke yake, vijana wakampigia makofi, na sisi wote tukasema amepona.

Kumbe alijua kwenda tu. Alipogeuka, mtaa ulikuwa mgeni kwake.

"Sasa fuata yanakotoka," mkewe alimwambia.

"Maji hayarudi, mke wangu. Nikigeuka, chemba nazo zinageuza nyuso. Sizijui."

Walijaribu mwaka mzima, wakajaribu wa pili. Mama wa mazoezi alisema tungemfundisha pande zote mbili tangu mwanzo pengine ingesaidia, ila sasa akili imeshika upande mmoja. Neno lile mkewe hakulisahau. Kwa miaka mitano alimfuata mumewe karakana kila siku saa tisa alasiri, naye Koki aliacha kuuliza ni lini ataweza.

Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, mkewe alishikwa na homa. Aliyeombwa kumfuata Koki ni kaka yake mkubwa, ambaye alisimama njiani kuzungumza na fundi saa, akachelewa nusu saa. Koki alikuwa amekwisha kuondoka.

Mkewe akiwa kitandani alisikia kikohozi cha Koki nje ya dirisha. Akasikia jirani akisema, "Habari za kazi, fundi?" na Koki akijibu, "Njema tu, jirani." Akasubiri mlango ulie. Haukulia. Alipojikokota hadi getini, mtaa ulikuwa mtupu. Jirani hana lawama. Koki alitembea kama mtu anayejua aendako.

Alipatikana kesho yake asubuhi, mbali kupita tangi kubwa yanakotoka maji, amelowa mvua. Homa ya mapafu ilimshika.

"Ulipita dirishani kwetu," mkewe alimwambia hospitalini. "Mbona hukuingia?"

"Nilipita hapo? Basi nilifika. Sikujua tu."

Mkewe hadi leo hajui kama jibu lile lilikuwa la kufurahia.

Alifariki Ijumaa, tarehe 28 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili, na kaka yake mkubwa anayewasomea haya, ambaye siku ile alikuwa na kazi moja tu.

Apate pumziko la amani hapa tulipomlaza.