Neno Ambalo Hawajalifikia

Binti wa chuo cha uuguzi alikaa mbele yangu kwenye basi la Mlalo, akikariri magonjwa kwa Kiingereza kutoka kwenye daftari, kama mtoto wa kipaimara. Bibi aliyekaa naye alipokwisha kuitikia shikamoo, alimpa cheti cha hospitali. “Cha mzee wangu. Daktari kaandika Kiingereza, nami nikaona haya kumuuliza.”

Binti alikisoma, akakikunja polepole. “Bibi, neno hili hatujalifikia.”

“Na sare yote hiyo, hamjalifikia? Mnafundishwa nini huko?”

“Tunakariri tu, bibi.”

“Basi mzee akiniuliza, nimwambie nini?”

“Mwambie ale anachopenda.”

Mimi nina shingo ndefu, Mungu anisamehe. Neno lile nililiona kwenye cheti, nikaliona tena kwenye daftari lake, limepigiwa vema kwa wino mwekundu. Pembeni ameandika kwa Kiswahili: hautibiki tena. Kwetu habari kama hiyo haitolewi njiani. Hilo chuoni hawalifundishi. Alitoka nalo nyumbani.

Basi liliposimama, bibi alishuka amenuna. Kisha akarudi dirishani.

“Kazana kusoma, mjukuu wangu. Utalifikia.”