Mpiga Chapa Aliyemsoma Mkuu wa Stesheni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya utumishi, mpiga chapa wa shule yetu atafunika mashine zake na kukabidhi ufunguo wa chumba cha kudurufu. Wanafunzi wamemwita Mama Stensili tangu enzi za stensili zenyewe, zile karatasi za nta za kudurufia, na jina limedumu hata baada ya kompyuta kuja. Sisi wafanyakazi tunamwita dada, hata wale wanaomzidi umri. Mtu anayejua makosa yako yote ya tahajia huna budi kumheshimu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne. Shule alikuwa ameiacha kidato cha pili, mama yake alipofariki na kumwachia wadogo watatu wa kulea. Alijifunza kupiga chapa kwa mashine ya kuazima, akachukuliwa hapa kwa majaribio ya miezi mitatu. Hakuna aliyekumbuka kumwandikia barua ya kumthibitisha kazini, kwa hiyo yeye husema anastaafu akiwa bado anajaribiwa.

Chumba chake kiko mwisho wa korido, jirani na stoo ya mipira: dirisha moja, meza mbili, na marobota ya karatasi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Zamani kosa moja kwenye stensili lilimaanisha kupaka dawa ya kufutia, kusubiri ikauke na kumwomba Mungu. Ndiyo maana alizoea kuisoma kila sentensi mpaka aielewe ndipo aguse kibonye. Mwalimu aliyeleta swali lisiloeleweka alirudishiwa karatasi yake pamoja na kikohozi kidogo. Mkuu wa idara ya hisabati anakiri kwamba kikohozi hicho kilimtia hofu kuliko ujio wa wakaguzi.

Hayo sote tunayajua. Mengine yalitokea miaka kumi na mmoja iliyopita, na mimi ninayeandika haya, mwalimu wa Kiingereza wa shule hii, nina deni la kuyasimulia vizuri.

Zilikuwa zimebaki wiki tisa kidato cha nne wafanye mtihani wa taifa nilipopasuliwa koo. Daktari alinikataza kusema hata neno moja kwa miezi miwili. Mwalimu wa kushika nafasi yangu alitafutwa kila mahali, hakupatikana. Basi kila asubuhi niliandika maelezo nikiwa nyumbani, mume wangu akayapeleka chumba cha kudurufu, na wanafunzi arobaini na mmoja wakapewa nakala wajisomee. Yalihusu istilahi za fasihi na wahusika wa riwaya ya mtihani, kitabu kinachomhusu mkuu wa stesheni ya reli aliyemficha dada yake barua za mchumba kwa miaka kumi na miwili.

Siku ya nne binti mmoja alifuata nakala yake, akasimama mlangoni akiitazama kama dawa chungu.

"Mama, hiki kinaya ni kitu gani hasa? Mwalimu ameandika mistari mitatu, sijaambulia kitu."

"Mwalimu wenu anawafundisha kuzungumza Kiingereza," akamjibu bila kuacha kupanga karatasi. "Sasa amekatazwa kuzungumza. Hicho ndicho kinaya. Neno la Kiingereza la kinaya liko hapo juu ya karatasi yako, lishike."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alikuja na wenzake sita. Wiki ilipokwisha, wengine walikuwa wamekaa juu ya marobota ya karatasi na wengine wamejazana koridoni. Makamu mkuu wa shule alikwenda kuwatawanya, akasikia maswali mawili, akavuta kiti. Yeye ndiye aliyewahamishia bwaloni.

Habari zilifika nyumbani kwa wanafunzi. Kwenye kikao cha wazazi, fundi magari mmoja, baba wa yule binti wa kinaya, alisimama kwa hasira.

"Leo mpiga chapa ndiye mwalimu? Kesho mlinzi atawafundisha fizikia? Huu ni mtihani wa maisha yao!"

Mpiga chapa mwenyewe alikuwepo, mstari wa nyuma, ameshika mafaili. Akainuka.

"Baba, una haki ya kuuliza. Cheti sina," akasema. "Wiki ijayo kuna mtihani wa majaribio. Umetungwa nje ya shule hii, na utasahihishwa na walimu wasiotujua. Nipeni namba ya mtihani nikae na watoto. Nikishindwa, narudi kwenye mashine zangu na hamtanisikia tena."

Walionisimulia wanasema aliyasema hayo kwa sauti yake ya kila siku, akaketi.

Alikaa dawati la nyuma, mwanamke wa miaka arobaini na tisa katikati ya watoto wa miaka kumi na saba. Swali kubwa lilikuwa: je, mkuu wa stesheni ni mtu katili? Majibu yaliporudi, alikuwa na alama tisini na moja, za juu kuliko zote. Pembeni mwa insha, msahihishaji aliyejua namba tu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mwanafunzi huyu aendelezwe. Ana jicho."

Niliisoma insha hiyo kitandani. Kwa miaka tisa nilikuwa nimewaandikia wanafunzi maelezo yale yale ya mhusika huyo: katili, msiri, mbinafsi. Kwa miaka tisa yeye aliyachapa bila kubadili nukta, kumbe riwaya yenyewe pia alikuwa ameisoma. Insha yake ilitaja ukurasa ambao mimi sikuwahi kusimama hapo. Mkuu wa stesheni yuko peke yake ofisini, anafungua sanduku la barua alizoficha, anazipangusa vumbi moja moja. "Asiyejali hapangusi vumbi," aliandika kwa Kiingereza chake cha sentensi fupi zilizonyooka. "Huyu anaogopa kubaki peke yake. Ukatili wake umezaliwa na woga, ndiyo maana ni vigumu kumchukia na ni vigumu kumsamehe." Nilirudia kusoma mara tatu.

Alipokuja kunijulia hali, nilimwandikia kwenye daftari: "Kwa nini miaka yote hiyo hukuniambia?"

Akasoma, akatabasamu. "Hukuniuliza, mwalimu. Uliniletea nipige chapa."

Sijawahi kupewa somo fupi kuliko hilo.

Aliendelea na darasa la bwaloni mpaka mtihani wa taifa. Wote arobaini na mmoja walifaulu Kiingereza, jambo ambalo mimi na sauti yangu nzima sijawahi kulifikia. Fundi magari alikuja shuleni na nguo zake za kazi, akasimama mbele ya dirisha la chumba cha kudurufu. Aliuliza kama kuna mashine yoyote iliyoharibika.

Dada huyu hakuishia hapo. Mwaka uliofuata alijisajili kama mtahiniwa binafsi, na kwa miaka mitatu akamaliza masomo yote aliyoyaacha kidato cha pili. Alipoulizwa kama angependa kusomea ualimu, alisema chumba chake kinamtosha. Ila kila Alhamisi baada ya vipindi kidato cha nne hukutana naye bwaloni, na mimi hukaa nao nikiandika. Maelezo ninayofundishia leo yamejaa mwandiko wake pembeni.

Sasa anakwenda kuishi na mdogo wake wa mwisho, yule aliyemlea tangu akitambaa, ambaye amemwandalia chumba chenye madirisha mawili. Anasema atasoma vitabu ambavyo hakuna mtu atakayemtungia maswali.

Dada, kwa kila karatasi uliyoisoma kabla ya kuichapa, na kwa watoto wetu uliowafundisha kumtazama mtu mara ya pili kabla ya kumhukumu, shule nzima inakushukuru. Mungu akupe afya, macho yasiyochoka na siku ndefu za utulivu. Na ukikuta ukurasa ambao sisi tumeupita mbio, tafadhali tupigie simu. Safari hii tunauliza.