Mwamba wa Nyuma ya Machimbo

Benchi lenyewe ni refu, limeegemezwa ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umekatika ukawekewa tofali, kwa hiyo ukikaa upande ule lazima uwe na msimamo. Wakaaji ni walewale. Yupo Redio, kinyozi mwenyewe, ambaye akishaanza habari hana swichi ya kumzima. Yupo Wakili, muuza nyama, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga lakini anabisha hata salamu. Yupo Mama Birika mwenye kahawa. Na yupo Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu hasemi neno kabla hajasimama kwanza akalitafakari. Jumamosi hiyo alikuwa kimya kuliko kawaida. Bintiye, muuguzi wa zahanati, alikuwa ametoka asubuhi na begi kubwa mgongoni, akaaga kwamba anakwenda “kwa rafiki”. Na wiki iliyopita, binti huyohuyo alipomaliza kunawa, Breki alikuta unga mweupe umeganda ukingoni mwa karai.

— Wamepita tena, — alisema Redio, wembe mkononi, mteja wake akimsubiri ndani na povu kidevuni. — Gari dogo, vioo wamepandisha. Wamekunja kule kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Na makamba yao.

— Kamba za nini? — aliuliza Mama Birika.

— Ndiyo ujiulize! Mtu mwema anatembea na kamba ndefu namna ile?

— Labda wanafunga ng'ombe.

— Ng'ombe wa wapi? Kule hata mbuzi anasimama kwa wasiwasi.

Wakili akaweka kikombe chini, dalili kwamba kesi imeanza.

— Sikilizeni. Wahenga hawakuwa wajinga. Walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Maana yake nini? Ule mwamba una sumaku. Na penye sumaku, chini pana madini.

— Si mwamba huo, wewe. Huyo ni mtu anayewamba ngozi ya ngoma.

— Mama Birika, tuko kwenye mawe, usituletee sherehe.

— Kama madini yako chini, mbona wao wanapanda juu? — Redio akadakia. — Mtaka cha mvunguni si huinama?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Wanapanda ili tusijue kwamba wanashuka.

Hapo hata Redio alilipima kwanza neno hilo. Halafu akainama, akashusha sauti.

— Mimi nasema si madini. Nilimnyoa mchunga mbuzi mmoja, aliwaona kwa macho yake. Mmoja kaning'inia katikati ya jiwe kama popo. Kila akitaka kushika, kwanza anatumbukiza mkono kwenye kifuko kiunoni. Mkono ukitoka, mweupe pe! Unga!

Kahawa ikamwagikia Breki gotini. Wiki nzima alikuwa akijiambia kwamba ule wa kwenye karai ni ngano tu, ingawa nyumbani hakuna aliyekuwa amekanda chochote.

— Unga wa kula? — aliuliza Mama Birika.

— Nani anapika akiwa ananing'inia? Wanauficha kwenye nyufa. Usiku inakuja ndege isiyo na rubani, inaokota.

— Ndege haihitaji kamba, — Wakili akapinga. — Kamba ni za kuufunga mlima. Wanaupima, wanaufunga, siku moja tutaamka tukute mlima haupo, umeshauzwa nje.

— Mlima mzima?

— Wewe hujasikia milima haikutani? Sasa huo wanaupeleka ukakutane na mwenzake. Lakini hawatuwezi. Shemeji yangu ana mashine ya kusaga mawe na kibali cha baruti. Siku nikiijua njia ya kufika, tunaupasua, tuone kilichomo tumboni.

Redio akageuka.

— Breki, mbona huchangii neno? Mwanao naye si hutoka na begi kila Jumamosi?

— Anakwenda kwa rafiki yake.

— Rafiki gani huyo wa kwenda na begi?

Alimtazama Breki kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Breki alifuta goti lake, akafuta tena, hata pale palipokuwa pakavu.

Ikasimama pikipiki. Akashuka mwanamke wa makamo, mfuko mkubwa mgongoni, na kofia ngumu imening'inia kando ya mfuko. Benchi zima likakaa wima.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, — waliitika, macho kwenye mfuko.

— Naomba kuuliza. Njia ya kwenda mwambani inaanzia wapi?

Wakili alikohoa. Redio akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, lakini hakuinuka.

— Machimbo ni kule, — alisema mwishowe, akinyoosha wembe.

— Huko ndiko nilikotoka. Nyuma yake kichaka kimejifunga, sikuona pa kupenya. Ninyi wenyeji mnapita wapi?

— Sisi hatupiti, — alisema Mama Birika taratibu.

— Hamjawahi kufika? Hata mmoja wenu?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake kama jibu limezama humo.

— Basi, nitampigia tena yule muuguzi aliyenialika, ingawa simu haishiki kule.

— Muuguzi gani? — Breki hakusimama kwanza safari hii.

— Wa zahanati yenu. Si ndiye aliyeutafuta huo mwamba akaupata?

Macho yote yakamwangukia Breki. Akainuka.

— Twende.

— Unaijua njia?

— Siijui. Tutaitafuta.

Walikizunguka kichaka, miiba ikimchana Breki mikono, wakaingia pasipo njia, wakarudi. Mara ya pili mwanamke yule aliona mawe matatu yaliyopandanishwa kwa mkono wa mtu, na nyuma ya mawe, upenyo wa kupita kwa kuinama. Upenyo ukawatokeza kwenye korongo kavu. Walipolifuata hadi lilipokunja, mwamba ukawasimamia mbele, wa kijivu, mrefu kupita mnara wa maji.

Hakukuwa na ndege wala nyufa za kuficha kitu. Chini alisimama mkunga wa zahanati, mama mnene ambaye Breki alimjua kwa salamu tu, ameshika kamba kwa mikono miwili. Na juu, juu kabisa, alikuwa mwanawe.

Breki akafungua mdomo. Mwanamke akamkamata mkono wa shati.

— Usimwite. Yuko pabaya.

Akaufunga mdomo. Mguu wa binti ukatafuta jiwe, ukalipata, ukateleza. Akaanguka. Kamba ikakaza, mkunga akainuliwa kidogo kutoka ardhini, na binti akabembea hewani akicheka.

Akashushwa.

— Baba! Nani kakuleta?

— Miguu yangu. Huo unga ni wa nini?

— Chaki. Inakausha jasho, mkono usiteleze. Ulidhani nini?

Breki akang'oa mwiba kwenye mkono wa shati.

— Kwa nini ulinificha?

— Ungenikataza.

— Ningekukataza, kweli.

— Halafu kijiweni wangejua. Nawajua wale, baba. Hawatakuja kutazama, watakuja kuchimba.

Breki aliuona akilini ulimi wa Wakili ukisema neno baruti. Akavitazama vidole vya mwanawe, vimechubuka, vyeupe kwa chaki.

— Umewahi kufika juu?

— Bado. Siku zote naangukia palepale.

— Haya, panda tena nione.

Jioni benchi lilikuwa limejaa kabla hajafika.

— Lete habari! — Wakili alisogea kumpisha nafasi. — Njia inapita wapi?

— Hakuna njia. Miiba mitupu. Tulipotea.

— Wewe? Umevusha malori mipaka yote hiyo, leo upotee nyuma ya machimbo?

— Uzee.

— Na yule mwanamke?

— Kaenda zake.

Redio alivichunguza viatu vyake vilivyojaa vumbi, mikwaruzo ya mikononi, kisha uso.

— Sasa unacheka nini?

Breki hakujua kama alikuwa anacheka. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa tone moja, akalirudisha chini. Breki akaaga. Hajafika konani akamsikia Redio akinong'ona, na mnong'ono wa Redio husikika mtaa wa pili:

— Wamempata na yeye.